Wanawake Waliojaza Makombora

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa haijatimiza mwaka, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakipigana Ufaransa yalipungukiwa na makombora ya mizinga. Mwezi wa Juni 1915 iliundwa Wizara ya Zana za Vita chini ya Bwana David Lloyd George, nayo ikaanza kujenga viwanda kwa haraka. Lakini wanaume wengi walikuwa wamekwisha kwenda vitani. Nani basi angefanya kazi hiyo? Wanawake walijibu wenyewe. Mwezi wa Julai maelfu yao, wakiongozwa na Bibi Emmeline Pankhurst, walipita katika njia za London wakidai haki ya kuitumikia nchi yao. Si jambo dogo hilo, kwani Bibi huyo alikuwa amefungwa mara nyingi kabla ya vita kwa sababu ya kudai kura.

Kiwanda kimoja kilijengwa Barnbow, karibu na mji wa Leeds, na wengi sana wa wafanyakazi wake walikuwa wanawake. Kazi ilikwenda usiku na mchana kwa zamu tatu. Viberiti, pini za nywele na vifungo vya chuma vyote viliachwa nje, maana cheche moja ingetosha kuwaangamiza. Ndani, makombora yalijazwa baruti kali, kisha yakakazwa vichwani vifaa vya kuyalipua. Baruti iitwayo TNT iligeuza ngozi na nywele kuwa manjano, hata watu wakawaita wasichana hao chiriku. Mzaha huo ulificha jambo zito: sumu yake huharibu ini, na katika nchi nzima iliwaua wanawake wapatao mia moja. Barnbow walinyweshwa maziwa, yaliyodhaniwa kuzuia sumu hiyo, na kiwanda kilifuga ng'ombe wake chenyewe.

Usiku wa tarehe 5 Desemba 1916, kombora lililipuka katika chumba nambari 42. Wanawake 35 walikufa. Habari hiyo ilifichwa, adui asije akaijua. Baada ya saa chache tu, wenzi wao walijitolea kuingia kazini katika chumba kile kile.

Msomaji asidhani kwamba walivutwa na uzalendo peke yake. Mshahara wa kiwandani ulizidi ule wa utumishi wa nyumbani, kazi ambayo wengi walikuwa wameiacha. Hata hivyo kwa kawaida ulikuwa chini ya mshahara wa mwanamume. Waliipenda nchi yao, na fedha zao walizihesabu pia.

Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, wengi waliachishwa kazi upesi, na nafasi zilizobaki wakarudishiwa wanaume. Mwaka huo huo sheria iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali. Wasichana wengi wa makombora walikuwa bado vijana mno. Ilikuwa mwaka 1928 ndipo umri uliposhushwa hadi miaka 21, sawa na wanaume.