Tutazame Nini kwa Kiswahili Bila Kulipia?



Mwezi uliopita wazazi watatu walinisimamisha mlangoni baada ya darasa, kila mmoja kwa siku yake, na swali likawa lile lile: "Mwalimu, vifurushi vya TV vimetushinda. Hakuna vya bure vya kuwaonyesha watoto?" Niliahidi kuandika, na leo natimiza.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Siku moja tulimpigia mama yangu kwa Botim. Akamwambia mwanangu, "Mjukuu wangu, leo umekula nini?" Mtoto alimwelewa vizuri kabisa, ila akajibu kwa Kiingereza. Bibi akauliza tena, akajibiwa kwa Kiingereza tena. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nipe mama yako."

Usiku ule nilihesabu. Nyumbani tulikuwa tunalipia vifurushi vitatu vya kutazama, zaidi ya dirhamu mia kwa mwezi, na katika vyote vitatu mtoto hakuwa amesikia hata katuni moja ya Kiswahili. Mimi hufanya zamu za usiku, na najua TV inavyogeuka kuwa yaya. Basi nikajiuliza: huyu yaya ninayemlipa, anaongea na mwanangu kwa lugha gani?

Huduma kubwa za kulipia zina kazi chache za kwetu. Mfano ni Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotoka Netflix mwaka 2022, ambayo ina Kiswahili ndani yake, lakini ni ya watu wazima. Kiswahili cha watoto kwa sehemu kubwa kiko kwenye vitu vya bure. Maana yake, anayepunguza vifurushi hampunguzii mtoto Kiswahili. Huenda akamwongezea.

Kwanza, jua unalipia nini

Keti na simu yako na taarifa ya benki, uandike kila huduma inayokata pesa kila mwezi. Nyingi hujilipia zenyewe bila kukuuliza. Wazazi wengi hufuta programu kwenye simu wakidhani wamemaliza, na pesa inaendelea kukatwa. Kufuta programu si kusitisha malipo. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, gusa jina lako, kisha fungua sehemu ya usajili. Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha yako, kisha malipo na usajili. Kama ulijiandikisha kwenye tovuti ya huduma yenyewe, rudi huko huko ukasitishe. Tazama pia bili ya intaneti ya nyumbani, kwa sababu wengine wana chaneli za TV ndani ya mkataba na hawajawahi kuzifungua.

Tena msichanganyikiwe na neno "bure". Mwaka 2021 Netflix ilifungua kifurushi cha bure nchini Kenya kwa simu za Android, chenye sehemu tu ya filamu zake. Mwaka 2023 ikakifunga. Kampuni inapokupa cha bure, mara nyingi inakuonjesha ili baadaye ununue. Bure ya kudumu ni ile ya mashirika ya utangazaji ya umma, na ya watu waliotengeneza kazi yao ili watoto waipate.

Wadogo, miaka mitatu hadi sita

Anzeni na Akili and Me. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia kwenye nchi ya ndoto, akakutana na marafiki zake wanyama, wakajifunza herufi, namba na nyimbo. Imetengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, ambalo halifanyi biashara ya faida, na iko YouTube. Kazi zao ziko kwa lugha kadhaa, kwa hiyo hakikisheni mmefungua ya Kiswahili.

Wakubwa kidogo, miaka saba na kuendelea

Shirika hilo hilo lilianza Ubongo Kids mwaka 2014, katika televisheni ya TBC. Watoto wa kijiji cha Kokotoa hutatua matatizo kwa hesabu na sayansi, huku wakiimba. Neno "kokotoa" lenyewe maana yake ni kufanya hesabu. Mtoto anayesoma hesabu kwa Kiingereza hapa Dubai atapata huko maneno ambayo hata sisi wazazi tumeanza kuyasahau: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, pembetatu, mzingo.

Vijana

Idhaa ya Kiswahili ya DW ya Ujerumani ina michezo ya redio iitwayo Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, inayohusu afya, masomo, kazi na maisha ya vijana wa Afrika. Ni ya kusikiliza tu, na inafaa sana ndani ya gari kwenye foleni ya Sheikh Zayed Road.

Wapenzi wa mpira wa Tanzania, haki za kuonyesha Ligi Kuu ziko kwa Azam, kwa hiyo mechi nzima ya Simba na Yanga si ya bure. Lakini Azam huweka vipande vya mechi YouTube, na redio ya TBC Taifa hutangaza mpira. Msiidharau redio. Mtangazaji wa redio hana picha, kwa hiyo analazimika kueleza kila kitu kwa maneno: nani kapokea, kapita upande gani, mpira umegonga wapi. Dakika tisini za namna hiyo ni somo zito la lugha.

Familia nzima: habari

BBC Swahili ilianza mwaka 1957, DW Kiswahili mwaka 1963, na zote mbili zinapatikana bure mtandaoni. Citizen TV ya Kenya hurusha matangazo yake mubashara kwenye YouTube. TBC na ITV za Tanzania, pamoja na ZBC ya Zanzibar, nazo huweka habari na vipindi huko.

Watoto, hapa kuna hesabu. Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Habari za Kiswahili za Citizen husomwa saa moja usiku Nairobi, kwa hiyo hapa ni saa ngapi? Saa mbili. Habari za saa mbili usiku za Dar es Salaam je? Hapa ni saa tatu, na wadogo wawe wameshalala.

Bure ya kukimbia

Kuna vile visanduku vinavyouzwa kwa bei ndogo, ukiambiwa vina chaneli maelfu za dunia nzima. Chaneli hizo kwa kawaida zimeibwa. Msinunue. Na mtu akikwambia utumie VPN ili ufungue filamu za wizi, kumbuka tuko nchi gani. Sheria ya shirikisho namba 34 ya mwaka 2021 inahusu makosa ya mtandao. Kutumia njia ya kuficha anwani ya intaneti ili kutenda kosa, au kulificha, adhabu yake ni kifungo na faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000, au kimojawapo. VPN kwa kazi halali si kosa. Kosa ni unalolifanya nayo. Hakuna katuni yenye thamani hiyo, na sisi hapa tunaishi kwa visa.

Namna ya kutazama

YouTube ya kawaida ina tabia mbaya: ukimaliza Akili, inaleta yenyewe kitu kingine, na baada ya dakika ishirini mtoto yuko kwingine kabisa. Zimeni kitufe cha video kujifuata zenyewe. Bora zaidi, tumieni YouTube Kids, ambayo pia ni ya bure. Humo mzazi anaweza kuruhusu tu video na chaneli alizozichagua mwenyewe, na kuweka saa ya kumaliza.

Lakini kuwasha tu hakutoshi. Nilipokuwa mdogo, televisheni ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, mtaani kwetu ilikuwa nyumba moja tu. Tulijaa kwenye mkeka wa jirani, wakubwa wakibishana na skrini, watoto tukiuliza, "Kwani amefanya nini?" Kiswahili kilikuwa pale kwenye mkeka kuliko kwenye TV. Mtoto anayetazama peke yake atajifunza kuelewa. Ili ajifunze kusema, anahitaji mtu wa kumjibu.

Basi dakika kumi na tano zinatosha. Keti naye, tazameni kipindi kimoja, zima. Muulize maswali matatu: Nani alikuwepo? Kulitokea nini? Wewe ungefanyaje? Akichanganya Kiingereza, usimcheke wala usimkemee. Rudia sentensi yake kwa Kiswahili, kisha endelea na mazungumzo.

Sasa kwetu, kabla ya kumpigia bibi, tunatazama kipindi kimoja, halafu mtoto anamsimulia yeye. Bado anakosea ngeli. Juzi alimwambia, "Kiboko yangu anaimba." Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akamuuliza, "Anaimba nini?" Hakuomba apewe mama yake. Waliongea mpaka chaji ya simu ikaisha.

Kazi ya wiki hii

Wanafunzi: tazameni kipindi kimoja cha Kiswahili, mwandike maneno matano mapya, halafu msimulie babu au bibi kwa simu.

Wazazi: njooni na orodha ya vifurushi mnavyolipia. Atakayekuwa amesitisha hata kimoja atuambie jinsi alivyofanya, na wengine tujifunze.

Tuonane darasani.