Mfuko "unaooza" huozea wapi?

Tarehe 1 Juni 2019, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, mfuko wa rambo ulipigwa marufuku Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wametutangulia kwa miaka mingi. Kuanzia Tandale hadi Mbagala tulitaraji kuwa mitaro yetu itapumua.

Mfuko mbadala tulioupokea sokoni unafanana na kitambaa, lakini aghalabu hutengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki. Fadhila yake ni kutumika mara nyingi. Ukitupwa baada ya safari moja ya sokoni, fadhila hiyo imepotea.

Ipo pia plastiki itokanayo na mimea. Sukari iliyomo katika wanga wa mahindi au muhogo huchachushwa, ikatoa asidi ya laktiki, ile ile inayoyatia ukali maziwa mgando. Asidi hiyo huunganishwa ikawa plastiki iitwayo PLA. Elimu hii ina manufaa, lakini asili ya kitu siyo hatima yake. PLA huoza upesi katika mitambo ya mboji yenye joto linalokaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Ikiangukia mtaroni, ikachukuliwa na Mto Kizinga hadi baharini, hudumu miaka.

Tena kuna mifuko iliyotiwa kemikali ili ipasuke juani. Hiyo haiozi, bali husagika ikawa chembe tusizoziona. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za plastiki hiyo mwaka 2021.

Basi tukiambiwa kwamba mfuko huu unaoza, tuulize: utaozea wapi, na kwa muda gani?

Majibu mengine tunayo majumbani. Kikapu cha ukindu, jani la mgomba, na sahani ya futari iliyofunikwa kawa, anayopelekewa jirani na kurudishwa kesho yake, havikuwahi kuziba mtaro. Mama auzaye vitumbua alfajiri hawezi kubeba gharama ya vifungashio vipya peke yake. Mnunuzi ajaye na bakuli lake amemsaidia. Tuwazoeze watoto wetu hivyo wanapotumwa dukani.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa kinachowaudhi watu njiani ni sehemu ya imani. Mfuko tunaoutupa leo ndio udhia ambao mvua za masika zitamfikishia jirani yetu wa bondeni, mlangoni pake.