Wamethodisti, Mkaratusi na Chemchemi: Kutoka Ribe Hadi Nyansiongo

Msomaji wa pwani akisikia Wamethodisti wakitajwa, huenda akadhani ni mambo ya bara, ya Meru huko au ya Nairobi. Kumbe dhehebu hilo liliingia Kenya kwa mlango wetu sisi. Mwaka 1862 Thomas Wakefield, akisaidiwa na Johann Ludwig Krapf, yule yule wa kamusi ya Kiswahili, alipiga kambi Ribe katika nchi ya Wamijikenda. Baadaye wenziwe wakajenga Jomvu na Mazeras, wakafika hata Golbanti kwenye mto Tana. Meru waliingia mwaka 1912, miaka 50 baada ya Ribe. Mwaka 1967 Kanisa la Methodist la Kenya likajitegemea, likaacha kuongozwa kutoka Uingereza.

Watu hawa wanaamini nini hasa? Na wana neno gani kwa mkulima wa Nyansiongo, huko Nyamira, ambaye fedha ya mti wake na maji ya jirani yake ni vitu viwili vinavyopingana?

Tuanze na jina. John Wesley, aliyezaliwa mwaka 1703, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alipokuwa Oxford, yeye na nduguye Charles walijiwekea utaratibu: saa maalumu za sala, kufunga Jumatano na Ijumaa, kuwazuru wafungwa. Wanafunzi wenzao wakawadhihaki kwa kuwaita watu wa taratibu, yaani Wamethodisti. Dhihaka ikageuka jina.

Kama Wakristo wengine, wanaamini Utatu, na kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Hapo ndipo njia yao na ya Uislamu zinapoachana, wala hakuna faida ya kulificha jambo hilo. Lakini ndani ya Ukristo wenyewe wana mkazo wao. Wanasema neema ya Mungu iko wazi kwa kila mtu, si kwa wateule wachache tu, na kwamba imani isiyoonekana katika mwenendo ni maneno matupu. Mwaka 1774 Wesley alichapisha kitabu cha kulaani biashara ya utumwa, wakati wakubwa wengi wa Uingereza walikuwa wakitajirika kwayo. Alipinga pombe kali pia, na hadi leo Wamethodisti wengi hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka katika meza ya Bwana. Kila mwanzo wa mwaka hukusanyika kufanya upya agano lao na Mungu, desturi iliyoanza mwaka 1755.

Jambo lililowapa nguvu zaidi lilikuwa darasa. Tangu mwaka 1742 waumini waligawanywa katika vikundi vya watu kama 12, jirani na jirani, chini ya kiongozi mmoja. Kila wiki walikutana, wakatoa peni moja kwa ajili ya kazi ya Mungu, na kila mmoja akaulizwa hali ya roho yake na matendo yake.

Mwaka 1743 Wesley aliwaandikia kanuni tatu. Ya kwanza, usidhuru. Ya pili, tenda mema. Ya tatu, shika ibada. Msomaji Muislamu hatakuwa mgeni mbele ya ile ya kwanza. Katika fikihi kuna msingi unaotokana na Hadithi ya Mtume, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na ndio unaotegemewa majirani wanapogombana juu ya ukuta, njia au kisima. Wesley alifundisha vilevile kwamba mali, mwili na ardhi ni amana, na mwanadamu ni wakili atakayetoa hesabu. Hata wanyama, alihubiri mwaka 1781, wamo katika rehema za Mungu. Sisi tunasema mwanadamu ni khalifa katika ardhi. Majina ni mbalimbali, lakini dhamana inafanana.

Sasa twende Nyansiongo. Ni nchi ya juu, yenye baridi na mvua nyingi, katika eneo la Borabu. Zamani za ukoloni mashamba hayo yalishikwa na walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 yalikatwa na kugawiwa Waafrika, wengi wao Abagusii. Leo vilima vimefunikwa na chai, na kiwanda cha chai kipo papo hapo. Kwa upande wa dini, Wakatoliki walifika Gusii mwaka 1911 na Wasabato mwaka 1912, na wao ndio wengi. Wamethodisti ni wachache.

Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, na kuni zinazopendwa ni za mkaratusi. Mti huo hukua upesi. Hutoa nguzo, mbao na karo ya watoto. Lakini ukipandwa bondeni, penye chepechepe, hunywa maji bila kiasi, na chemchemi hupungua. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Lakini amri ya serikali husikika barabarani, na mti umesimama shambani. Mwenye mti ana watoto shuleni. Mwenye kiu yuko chini ya kilima, wala hana hati ya shamba lile.

Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapopimwa. Mkulima yule hakukusudia kumdhuru mtu. Amepanda mti kwake, kwa jasho lake. Hata hivyo madhara yameteremka pamoja na bonde mpaka kwa mama anayebeba mtungi. Askari hawezi kulinda kila chemchemi. Watu 12 wanaojuana, wanaoulizana kila wiki umefanya nini, hao wanaweza. Wanaweza pia kukubaliana mkaratusi upandwe juu kwenye mteremko mkavu, na bondeni ibaki miti ya asili, ili karo ipatikane na maji yabaki.

Tusisahau pia funzo la Ribe yenyewe. Jirani na misheni ile ya mwanzo uko msitu wa Kaya Ribe. Wamishonari wengi wa zamani waliona katika kaya ushenzi mtupu. Lakini wazee wa kaya ndio waliozuia shoka, na mwaka 2008 misitu ya kaya, Ribe ikiwamo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni alileta mahubiri ya uwakili. Mwenyeji alikuwa tayari na msitu.

Wala sisi Waislamu tusijione tuko pembeni. Huko Misali, kisiwa kidogo cha Pemba, mafundisho ya Kurani yalitumiwa kuwahimiza wavuvi waache kuvua kwa njia za kuharibu matumbawe. Mikoko ya pwani yetu nayo inangoja jambo kama hilo. Chemchemi ya Nyansiongo haimwulizi mtekaji dini yake, na ikikauka, itawakaukia wote.