KUTOKA MANDERA HADI LODWAR: RULA ILINIDANGANYA

Leo nataka kuwaeleza jambo la hesabu ambalo lilinitia aibu nyumbani.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi kule Mandera, na sisi twakaa hapa Lodwar. Nyanya alipofariki mwaka jana, wazee waliuliza dada angefika lini ili mazishi yapangwe. Mimi nilichukua atlasi na rula, nikapima, kisha nikatangaza kifua mbele, "Kwa ndege ni saa mbili tu!" Basi mazishi yakapangwa kesho yake. Dada alifika siku ya tatu, kaburi limeshafunikwa. Alilia sana, nami sikuweza kumtazama usoni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilimwendea mwalimu wa Jiografia, akanionyesha nilipokosea.

Umbali wenyewe niliupata vizuri. Lodwar iko karibu na longitudo 35°36' Mashariki, na Mandera 41°51'. Tofauti ni 6°15'. Miji yote miwili iko kati ya latitudo 3° na 4° Kaskazini, na hapa karibu na Ikweta digrii moja ya longitudo ni kama maili 60 za baharini, yaani kilomita 111 hivi. Ukizidisha wapata karibu kilomita 700. Mstari huo unapita karibu na Moyale na North Horr, kisha unavuka Ziwa Turkana.

Halafu tunagawanya kwa kasi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa, itatumia saa 2 na dakika 20. Fokker 50, iendayo karibu kilomita 500 kwa saa, itatumia saa 1 na dakika 24. Ongeza dakika za kuruka na kutua, na upepo ukivuma kutoka mbele, ongeza nyingine.

Kumbe kosa langu lilikuwa wapi? Ndege ya abiria haifuati rula, inafuata abiria walipo. Msafiri wa kawaida kutoka Mandera hushuka kwanza hadi Nairobi, kama kilomita 810, ndipo apande nyingine kuja Lodwar, kama kilomita 510. Jumla ni 1,320, karibu mara mbili ya ile 700! Angani pekee ni zaidi ya saa mbili na nusu, hata kwa ndege ya kasi. Tena mimi sikuhesabu kungoja nafasi, wala kulala Nairobi ndege ya pili isipokuwepo siku hiyo. Dada alilala huko usiku mmoja, baada ya kungoja nafasi Mandera siku nzima.

Kwa hivyo wenzangu, ukiulizwa safari ni ya saa ngapi, usikimbilie rula. Uliza kwanza: ndege inapitia wapi, na inaondoka siku gani? Laiti ningeuliza hayo mawili, dada angemzika nyanya yake.

Mwanachama, Kidato cha Tatu