Hifadhi Zetu za Bahari: Siku Moja Kisiwani Chumbe

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilichoko kusini-magharibi ya Mji wa Zanzibar, umbali wa kilomita 12 hivi. Urefu wake unapita kilomita moja kidogo tu, na mahali palipo papana zaidi ni kama mita 300. Hakina kisima wala kijito cha maji matamu. Kwa miaka mingi watu pekee waliokaa hapo walikuwa walinzi wa mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Walinzi hao walikuwa na msikiti wao mdogo, na msikiti huo unasimama mpaka leo. Siku hizi kisiwa hupokea wageni wachache, baadhi yao wakitoka Unguja asubuhi na kurudi jioni, wakiongozwa hatua kwa hatua, majini na nchi kavu.

Kinachowavuta wageni ni mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi. Zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu zimeorodheshwa hapo, na aina za samaki zinapita 400. Utajiri huo una historia yake. Mwamba huo uko kando ya njia ya meli zinazokwenda na kurudi kati ya Unguja na Dar es Salaam, na wavuvi wa ngalawa hawakuwa na sababu ya kwenda kujiweka kwenye njia ya vyombo vikubwa. Sehemu nyingine za pwani zikaumizwa na nyavu za kukokota na baruti, Chumbe ikabaki salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo nchini, aliushawishi utawala wa Zanzibar kwamba mahali hapo palindwe, na kwamba gharama za ulinzi zilipwe na wageni wenyewe. Desemba 1994 mwamba ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi, chini ya usimamizi wa kampuni ya CHICOP aliyoiasisi. Karibu na Dar es Salaam palikuwa na hifadhi za bahari zilizotangazwa tangu 1975, lakini kwa muda mrefu hazikuwa na mlinzi wala mashua ya doria. Chumbe ilikuwa ya kwanza Tanzania kulindwa kweli kila siku, na Mafia ikafuata mwaka 1995.

Waliopewa kazi ya ulinzi ni wavuvi. Walichukuliwa katika vijiji vya pwani, wakafundishwa elimu ya viumbe wa bahari, Kiingereza cha kuongozea wageni na namna ya kuweka kumbukumbu za doria. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, mlinzi humfuata kwa boti, humsalimia, kisha humweleza kwamba chewa na changu wanaozaliana ndani ya hifadhi ndio watakaovuka mpaka na kuingia katika mitego ya watu wa nje. Maneno hayo yana uzito kwa sababu msemaji ameshika nyavu mwenyewe na anajulikana nyumbani kwake. Pengine hili ndilo jambo kubwa kuliko yote Chumbe, na wageni wengi hupita bila ya kulitambua, kwa sababu mwongoza wageni anayewavalisha miwani ya mbizi hawaambii kwamba ujuzi wake ulianza kwenye dau la baba yake.

Boti huondoka pwani ya Mbweni mnamo saa nne asubuhi, na safari huchukua kama dakika 45. Saa ya kuondoka haibadiliki sana. Kinachobadilika ni mpangilio wa siku, na huo hufuata mwezi. Katika maji haya tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hukaribia mita nne, na siku hizo bahari hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yanapwa, ingawa kupwa kwenyewe si kwa namna ya kutisha. Kwa hiyo mgeni anayefika siku za bamvua atapelekwa kwanza kutembea kwenye vidimbwi vya pwani na kuogelea baadaye, na anayefika wiki inayofuata ataingia majini mapema. Mpangaji wa safari asiyetazama mwezi huwapeleka watu juu ya mwamba wakati maji hayafiki kiunoni, na hapo ndipo matumbawe yanapovunjwa kwa magoti na mapezi ya mpira.

Njiani, hasa bahari ikiwa shwari, pomboo huonekana mara moja moja, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita katika mkondo wa Zanzibar wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa. Nahodha mwema hupunguza mwendo, huacha pomboo wachague wenyewe kukaribia au kwenda zao, na hakubali mtu arukie katikati ya kundi. Huko Kizimkazi, ambako boti nyingi huwazunguka pomboo kila asubuhi, watafiti wameona kwamba wanyama hao hupumzika na kula kwa muda mfupi zaidi boti zinapokuwa karibu, na muda mwingi huutumia kusafiri tu. Mnyama asiyepata nafasi ya kupumzika hawezi kunyonyesha vizuri. Mgeni anayelipa fedha ili pomboo afukuzwe anachangia kuumaliza utajiri aliokuja kuutazama.

Boti ikishatia nanga wageni hushuka kwa miguu mpaka kwenye jengo kubwa lenye paa la makuti, lililojengwa juu ya magofu ya nyumba ya mlinzi wa taa. Hapo huelezwa mambo ya kisiwa. Vitu vya baharini haviguswi na haviokotwi, samaki hawalishwi mkate, na uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Wazamiaji wenye mitungi ya hewa hawaruhusiwi kuzamia ndani ya hifadhi, ila kwa shughuli za utafiti. Mafuta ya kukinga jua yanafaa kuachwa, maana kemikali za baadhi yake zinadhuru matumbawe machanga. Fulana ya mikono mirefu inatosha.

Kisha huja miwani ya mbizi, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira. Ndani ya kioo hutemewa mate, husuguliwa kwa kidole na kusuuzwa kwa maji ya chumvi, na kioo hakishiki ukungu. Mkanda usikazwe sana. Miwani hushikwa na hewa iliyovutwa puani zaidi kuliko na mpira. Asiyejua kuogelea hupewa jaketi la kuokolea, na mwongoza wageni huvuta boya ambalo aliyechoka hushikilia. Kikundi hukaa karibu naye, miguu ikipigwa polepole nyuma ili mchanga usitibuliwe.

Kwa kuwa kilele cha mwamba kiko mita chache tu chini, mwanga hufika mpaka kwenye matumbawe, na mwanga ndio uhai wake. Kila jiwe la tumbawe ni makao ya vijidudu laini vilivyojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa jua na kuwapa wenyeji wake sehemu kubwa yake. Yenyewe hupata hifadhi na mbolea. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale mazito ya mviringo hukua sentimita moja au pungufu. Bonge lenye kipenyo cha mita mbili huenda lilianza maisha yake kabla ya ule mnara wa taa kujengwa.

Jambo la kwanza ambalo mwogeleaji atalisikia, kabla hata hajaliona, ni mlio wa kutafuna. Ni pono, wanaokwangua mwamba kwa meno yao yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, wakitafuta mwani unaokua juu ya chokaa. Chokaa wanayoimeza huisaga na kuitoa ikiwa mchanga mweupe, na sehemu kubwa ya mchanga unaokanyagwa ufukweni imepita tumboni mwao. Kazi yao haina mbadala: pono wakivuliwa wote, mwani hufunika mwamba na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika.

Mwongoza wageni mzuri hatawahimiza watu kuogelea mbali. Atasimama mahali pamoja, kwenye jiwe ambalo samaki wadogo wembamba wa buluu wenye mstari mweusi ubavuni wamelifanya kituo chao cha usafi. Chewa huja, hutua karibu na jiwe, hufungua mdomo na kupanua mashavu. Wale wadogo huingia kinywani, hupita katikati ya meno, hutokea kwenye mashavu wakiwa wameng'oa chawa wa samaki na nyama iliyokufa. Chewa angeweza kuwameza wote kwa mara moja, wala hafanyi hivyo. Baada ya dakika moja au mbili hutikisa mwili, nao hutoka, na samaki mwingine huchukua zamu. Hayo yote huonwa na mtu aliyetulia tu. Anayepiga maji kwa mikono humfukuza chewa kabla hajafika.

Kasa ng'amba huonekana pia, akichomoa sifongo kwenye nyufa za mwamba kwa mdomo wake mkali. Gamba lake lilikuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya Bahari ya Hindi tangu zamani, likitengenezwa vitana na mapambo, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye uchache wa leo. Akionekana, hupewa nafasi juu yake, kwa kuwa kila baada ya muda lazima apande kuvuta pumzi.

Chakula cha mchana huliwa chini ya paa la makuti, na hapo hueleweka jinsi kisiwa kisicho na maji kinavyoishi. Nyumba saba za wageni wa kulala zimejengwa kwa mapaa mapana yanayokinga mvua. Maji huchujwa na kuhifadhiwa katika mabirika yaliyo chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji, vinageuza uchafu kuwa mbolea, ili taka zisipenye katika mawe yenye matundu na kuufikia mwamba. Umeme hutokana na jua.

Alasiri ni zamu ya msitu. Ardhi yote ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka maelfu ya miaka iliyopita, na kandokando ya njia huonekana makombe makubwa ya chaza yaliyogeuka mawe. Udongo ni haba, na mizizi hupenya nyufa kufuata unyevu. Humo kuna paa nunga, paa mdogo mwekundu mwenye baka jeupe makalioni, ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Baadhi yao waliletwa Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990 ili wawe mbali na mbwa na mitego. Mgeni wa siku moja asitegemee kumwona. Paa huyu ni mwoga, na kichaka ni kizito.

Kaa wa nazi ni habari nyingine. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote miongoni mwa wadudu, kaa na jamii zao waishio nchi kavu: uzito wake huweza kufika kilo nne, na miguu ikitanuliwa hukaribia mita moja. Alianza maisha baharini, akaelea kwa wiki kadhaa akiwa kiluwiluwi, akapanda pwani akibeba kombe la konokono, kisha akaliacha kombe hilo gamba lake mwenyewe lilipokomaa. Tangu hapo hupumua hewa, na akizamishwa majini hufa. Jike hurudi ukingoni mwa bahari mara moja tu katika msimu, kumwaga mayai yake. Hukua polepole na huishi miongo kadhaa, ndiyo maana visiwani penye watu amekwisha, kwa kuwa nyama yake inapendwa. Chumbe wapo kwa wingi, wengine wakiwa na rangi ya buluu iliyoiva. Hutembea usiku, mchana mwongoza wageni huwamulika kwa tochi ndani ya mapango ya mawe wanamojificha. Anayetaka kuwaona wakitembea hana budi kulala kisiwani.

Ziara huishia kwenye mnara wa taa, na mwenye nguvu hupanda ngazi zake zaidi ya 100. Kutoka juu mpaka wa mwamba huonekana dhahiri: maji ya kijani hafifu karibu na kisiwa, kisha buluu nzito ya njia ya meli. Yanayoonekana huko chini hayana kinga dhidi ya kila kitu. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, bahari ilipata joto kupita kawaida, matumbawe yakaitupa ile mimea yanayoishi nayo na kugeuka meupe, na mengine yakafa. Doria haizuii joto. Lakini mwamba wenye pono wengi na maji yasiyochafuliwa hupona haraka zaidi kuliko uliokwisha kunyang'anywa samaki wake.

Wageni wa siku hupokelewa nafasi ikiwapo tu, kwa sababu idadi ya watu kisiwani ina kikomo, hivyo ni lazima kuulizia mapema. Wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, kisiwa hufungwa kwa wageni na matengenezo hufanywa. Bei ni kubwa kuliko ya safari za boti zinazouzwa ufukweni, na sehemu yake hulipia ziara za wanafunzi wa shule za Unguja na Pemba. Maelfu wameshapelekwa, na wengi wao, hasa wasichana waliokulia hatua chache kutoka pwani, walikuwa hawajawahi kutia uso majini. Huvalishwa jaketi na miwani, hushikana mikono kulizunguka boya, na mlinzi aliyekuwa mvuvi huwataja samaki kwa majina ya Kiswahili wanayoyajua kutoka sokoni.