Je, Wajua? Injini ya Discovery Hukaa Ndani ya Land Rover ya Zamani

Land Rover Series III ilianza kutengenezwa 1971 ikakoma 1985. Injini ya dizeli iitwayo 200Tdi ilitoka 1989, ndani ya Land Rover Discovery. Hata hivyo, ukiishusha kwenye Series III, matundu ya boliti yanakutana na ya giaboksi ya zamani. Sababu ni ukoo: bloku ya 200Tdi inatokana na injini za lita 2.25 zilizoanza miaka ya 1950. Iliyofuata, 300Tdi, matundu yake yamehama, hivyo hudai giaboksi yake yenyewe au adapta.

Faida ya kufunga 200Tdi ni kubwa. Injini ya petroli ya Series III ina nguvu za farasi zipatazo 70. 200Tdi ina 111. Kwenye mlima na matope, linalohesabika zaidi ni msokoto: niutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, dhidi ya 160 hivi. Tena dizeli haina koili wala distributa, vitu ambavyo maji ya mto huvizima.

Ugumu uko nyuma ya injini. Msokoto huo wote unapita kwenye giaboksi ya gia nne iliyoundwa kwa injini dhaifu. Kwa hiyo wengine hufunga giaboksi ya LT77 yenye gia tano pamoja na transfa yake, LT230. Kwa kuwa urefu si ule ule, shafti za propela hupimwa na kukatwa upya. Kisha LT230 huzungusha magurudumu yote manne muda wote, ilhali jointi za msalaba kwenye shafti za mbele za Series hazizunguki kwa mwendo sawa gari linapokata kona. Zisipobadilishwa, usukani hutetema na jointi huisha mapema.

Breki nazo zina neno. Busta ya breki kwenye gari la petroli hutegemea mvuto wa hewa wa manifoldi. Dizeli hiyo haina mvuto huo, bali ina pampu yake ya vakyum, ambayo ni lazima iunganishwe.

Ukitaka kufanya kazi hii, anza na breki, usukani na chasisi, kisha ndipo ununue injini. Ukimaliza, sajili namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari. Nguvu uliyoiongeza ni salama pale tu gari linapoweza kuisimamisha.