Je, Wajua? Jiwe jeupe la Tabaka huihadaa kamera

Kipimamwanga cha kamera hukisia kila kitu kuwa cha kijivu. Ndiyo maana sanamu nyeupe ya jiwe la Tabaka, Kisii, ikijaza picha, hutoka imefifia kama iliyoning'inizwa jikoni juu ya moshi. Dawa yake haiuzwi: bonyeza kitufe chenye alama ya +/−, weka +1, upige tena. Majani ya chai ya Nyamira hayasumbui hivyo, kwa kuwa mwangaza wake hukaribia ule wa kijivu.

Ukiwa na pesa za vifaa, anza na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Unga wa mawe yanayochongwa hutua kwenye lenzi, na kuufuta kwa shati kunaweza kuikwaruza. Kisha tia mkobani vipakiti vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Mvua za huku Kisii hazikatiki, na lenzi yenye unyevu huota kuvu. Tripodi ingoje.